Tangi Dogo la Samaki wa Baharini: Je, Lazima Liwe na Tangi la Chini?

Mkazi anayetaka kufuga samaki wa mapambo wa baharini sebuleni, mkahawani au shuleni huenda akaambiwa kwamba bila tangi la pili chini ya meza, samaki hawataishi. Tangi hilo, ambalo wafugaji huliita sampu, hupokea maji yanayoshuka kutoka tangi la juu. Yakishachujwa, pampu huyarudisha. Kwa tangi dogo, sampu si lazima. Kilicho lazima ni maji yasiyobadilika ghafla, na hayo hutegemea zaidi utunzaji wa kila siku.

Kwa nini samaki hufa

Samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoishi kwenye mawe na kichujio huigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, kisha kuwa nitrati, isiyo kali sana. Bakteria hao huchukua takriban wiki 4 hadi 6 kuongezeka vya kutosha. Anayetia samaki wengi siku ileile ya kujaza tangi huwaweka hatarini, awe na sampu au asiwe nayo.

Sampu inasaidia nini

Faida yake kubwa ni kuongeza maji. Chukua mfano wa tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 30 na kina cha maji cha sentimita 35. Hilo lina lita 63. Maji ya bahari huwa na takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita. Maji yanapokauka kwa joto, chumvi hubaki. Lita 6 zikipotea bila kujazwa, chumvi hupanda hadi karibu gramu 38.7 kwa lita. Tangi hilohilo likiwa na sampu ya lita 30, upotevu huohuo huifikisha gramu 37.4.

Tofauti ipo, lakini anayejaza kila siku kiasi kilichopungua hahitaji msaada huo. Maji ya kujazia yawe baridi yasiyo na chumvi wala klorini. Kuongeza maji ya bahari badala yake ni kosa, kwani huzidisha chumvi.

Umeme ukipotea

Hapa ndipo sampu iliyofungwa vibaya huleta hasara. Pampu ikisimama, maji ya juu huendelea kushuka hadi mdomo wa bomba uachwe wazi. Katika tangi la mfano wetu, kila sentimita moja ya kina ni lita 1.8. Bomba la kurudisha maji likiwa limezama sentimita 5, lita 9 zitashuka. Sampu isiyo na nafasi tupu ya lita 9 na zaidi itafurika sakafuni, pengine usiku, karibu na nyaya za umeme.

Anayeamua kuwa na sampu atoboe tundu dogo kwenye bomba hilo, karibu na uso wa maji, ili hewa iingie na maji yaache kufyonzwa kurudi chini. Kisha azime pampu mchana na kutazama maji yanasimama wapi, kabla ya kutia samaki.

Tangi lisilo na sampu

Mfugaji wa tangi dogo anaweza kutosheka na haya:

1. Kichujio cha kuning'iniza ukingoni na mawe ya kukaliwa na bakteria.
2. Samaki wachache wadogo, na chakula wanachokimaliza kwa dakika chache.
3. Kubadilisha takriban asilimia 10 ya maji kila wiki; kwa tangi la mfano, lita 6.
4. Haidromita ya kupimia chumvi.
5. Pampu ya hewa ya betri, kwa ajili ya umeme unapopotea.
6. Kivuli, kwani tangi dogo hupata joto upesi.

Anayechota maji baharini achote wakati maji yamejaa, mbali na midomo ya mito, bandari na mifereji ya maji taka, wala asichote baada ya mvua kubwa.

Samaki wapatikane kihalali

Uvuvi wa samaki wa mapambo kwa biashara unahitaji leseni. Ni marufuku kuvua samaki au kuchukua matumbawe katika hifadhi za taifa za bahari, zikiwemo za Malindi, Watamu, Mombasa na Kisite. Kabla ya kununua samaki, mkazi amuulize muuzaji leseni yake, na akiwa na shaka afike ofisi ya uvuvi iliyo karibu naye.