Katwe ina chumvi tele, mbona Uganda inanunua yetu?

SWALI: Nina duka Malava. Shemeji yangu anaishi Kasese, karibu na ziwa la chumvi, lakini nilipomtembelea nilikuta jikoni pakiti za Kenya, zilezile ninazouza mimi. Kwa nini wasituuzie wao?

JIBU: Shemeji yako hana kosa. Chumvi ya Ziwa Katwe imechimbwa tangu enzi za mababu, na hadi leo wachimbaji huingia majini hadi kiunoni kung'oa mabonge. Tatizo limo ndani ya bonge lenyewe. Katwe ni kreta ya volkeno, si bahari; chumvi yake imechanganyika na magadi na salfeti, ndiyo maana nyingine huishia kulambwa na ng'ombe. Ninyi wa Malava mnalielewa hili: munyu wa kuchuja majivu ya maganda ya maharagwe hulainisha mrenda ajabu, lakini sijaona mtu akiunyunyizia mayai.

Kuitakasa kunataka kiwanda. Kilijengwa kimoja miaka ya 1970 kwa utaalamu wa Wajerumani. Maji yale makali yakala mabomba, kiwanda kikanyamaza.

Kule Gongoni, Kilifi, maji ya bahari huachiwa jua na upepo mabwawani. Chumvi huoshwa, hutiwa iodini inayotakiwa na sheria, kisha malori hupanda hadi Malaba (Malaba, si Malava!). Nauli ni kubwa kwa bidhaa nzito na rahisi namna hii, ila mnunuzi wa Kampala huilipa, kwa kuwa anapata chumvi nyeupe iliyo tayari kwa mezani.