Homa Bila Kuhara: Tahadhari kwa Wenye Kinga Dhaifu

Walaji wengi wanaposikia madhara ya chakula kisicho salama, hufikiria kuhara na kutapika. Kwa mtu mzima ambaye kinga ya mwili wake imepungua, dalili inaweza kuwa homa peke yake.

Bakteria wa salmonela hupatikana katika kuku, mayai na maziwa mabichi. Kwa mwenye afya njema, kwa kawaida huishia tumboni na maradhi hupita baada ya siku chache. Kinga ikiwa dhaifu, bakteria hao huweza kupenya ukuta wa utumbo na kuingia katika damu. Barani Afrika, hali hii imeonekana hasa kwa watu wanaoishi na VVU ambao kinga yao imeshuka sana. Wenye selimundu, wanaotibiwa saratani na wanaotumia predinisoloni kwa muda mrefu nao wawe waangalifu.

Mgonjwa asiyehara hudhani ana malaria, akanunua vidonge dukani na kungoja. Kungoja huko kunaweza kugharimu maisha. Tunamshauri mkazi wa Magomeni au Kariakoo mwenye kinga dhaifu, akipata homa, aende siku hiyo hiyo kituo cha afya au Hospitali ya Mwananyamala na kueleza hali yake. Kutokutwa na malaria hakumalizi uchunguzi. Huenda damu ikahitaji kuoteshwa maabara. Asijianzishie antibiotiki, kwani zikitangulia huweza kuficha bakteria wanaotafutwa.

Nyumbani na mgahawani, tuzingatie haya:

• Kuku aive hadi nyama isiwe na wekundu.
• Mayai yaive hadi kiini kigande, hata katika chipsi mayai.
• Maziwa mabichi yachemshwe, yakiwamo ya kugandisha mtindi.
• Kisu na ubao uliokatiwa kuku vioshwe kwa sabuni kabla ya kukatia kachumbari.
• Chakula kilichopikwa kisikae nje ya jokofu zaidi ya saa 2, na kipashwe moto hadi kitoe mvuke.

Jokofu nalo haliui bakteria. Listeria huzaliana hata katika baridi yake. Mlipuko wa Afrika Kusini wa mwaka 2017 na 2018, uliotokana na soseji za polony, uliua watu zaidi ya 200, wakiwamo wenye VVU na watoto wachanga.

Aliyeandikiwa septrini ya kinga asiiache bila ushauri wa mtaalamu wa afya.