Kumtibu Mtoto Aliye Bado Tumboni

Katika Baiolojia tumejifunza kwamba mtoto aliye tumboni hulishwa na mama yake kwa njia ya kondo la nyuma. Wengi wetu tukikwisha kuyaandika hayo daftarini huona habari imekwisha. Lakini njia ile ile ipitishayo chakula hupitisha na dawa, hivyo daktari aweza kumtibu mtoto ambaye hajamwona. Taabu ni kwamba hawezi kumfikia ila kwa kupita katika mwili wa mtu mwingine, naye ni mama.

Mwaka 1963 Daktari William Liley wa Auckland, New Zealand, aliwatia damu kwa sindano watoto walio tumboni, kwa kuwa kingamwili za mama zilikuwa zikiharibu chembe nyekundu za damu yao. Watatu wa kwanza walikufa. Wa nne aliishi.

Hatuna haja ya kwenda mbali hivyo, maana Dar es Salaam kulikuwa na kisa kikubwa zaidi. Mwaka 1994 ilijulikana Marekani na Ufaransa kwamba dawa ya zidovudini, akipewa mama mwenye virusi vya UKIMWI, hupunguza watoto wanaoambukizwa kutoka 25 hivi katika kila mia hadi 8. Lakini ilikuwa dawa ya wiki nyingi, yenye dripu wakati wa uchungu, tena ghali. Basi tangu 1996 majaribio yaliyoitwa Petra yalifanywa Dar es Salaam, Kampala, Johannesburg na Durban, ili kujua kama dawa za muda mfupi zingefaa. Akina mama waligawanywa mafungu manne. Matatu yalipewa dawa kwa muda mbalimbali. La nne lilipewa vidonge visivyo na dawa yo yote.

Yakazuka mabishano. Mwaka 1997 Peter Lurie na Sidney Wolfe wa Marekani waliandika kwamba ni kosa kumpa mama kidonge kitupu hali dawa inajulikana. Waliotetea majaribio ya namna hiyo walijibu kwamba akina mama wa Afrika wakati ule hawakuwa wakipata dawa hiyo, na pasipo fungu la kulinganisha mtu hawezi kujua kama dawa fupi inafaa. Fungu lile lilifungwa Februari 1998, baada ya dawa fupi kufanikiwa Thailand. Mimi jibu lao nalikubali kwa hesabu tu. Kwamba mtu hakuwa na kitu jana si sababu ya kumnyima leo.

Matokeo yenyewe? Baada ya wiki 6, katika fungu la dawa ndefu watoto 6 hivi katika mia walikuwa wameambukizwa, na katika fungu la vidonge vitupu 15. Kufika miezi 18 tofauti ilikuwa imepungua sana, maana watoto walinyonya.

Mwaka 1999 ilionekana Kampala kwamba kidonge kimoja cha nevirapini kwa mama mwenye uchungu, na matone kidogo kwa mtoto, vyasaidia. Ilikuwa rahisi mno. Lakini mama mwenyewe alirudi nyumbani na ugonjwa wake, na virusi vyake viliweza kuizoea dawa hiyo. Mtoto alitibiwa apate kuwa yatima! Siku hizi, ashukuriwe Mungu, mama hupewa dawa za kila siku kwa ajili yake pia, maisha yake yote.

Limebaki jambo la hiari. Huku milimani, Chome au Vudee, watu wanajuana, na mama aweza kuogopa kuonekana na vidonge, hata na mumewe. Bwenini niliwauliza wenzangu: akikataa, daktari afanye nini? Wengi walisema alazimishwe, kwa ajili ya mtoto. Nikauliza: na nani, na kwa siku ngapi, iwapo dawa ni ya kila siku? Mwenzetu mmoja wa Mbaga akaongeza kwamba mama aliyelazimishwa mara moja hatashuka tena kliniki, wala jirani yake aliyesikia hatashuka.