Maumivu ya tumbo: ya kungoja na ya kukimbilia muganga

Ndugu wanachama, mwezi wa kupalilia mahindi hakuna anayependa kuacha shamba. Tumbo likiuma tunasema, "Ni chakula tu, itapita." Mara nyingi inapita kweli. Somo hili ni la siku ile ambayo haipiti.

Yanayoweza kungoja

Tumbo linabana, kisha linaachilia. Mugonjwa anakunywa mayi, anaenda choo, anatembea, hana homa. Apumzike. Kama kesho yake hajapata nafuu, aende kituo cha afya.

Usingoje asubuhi kama:

- tumbo ni gumu kama ubao, na kuguswa kidogo tu kunamuumiza;
- maumivu yalianza kitovuni, sasa yamehamia chini upande wa kuume;
- mama ana mimba, ama amekosa siku zake, na anaumwa sana ama anasikia kizunguzungu;
- anatapika kila kitu, na choo wala hewa havitoki;
- anatapika damu, ama choo ni cheusi kama lami;
- alipuliza dawa ya wadudu, sasa tumbo linabana, mate na jasho vinamutoka. Muvue nguo, umuoshe na sabuni, uende na chupa ya dawa ile;
- anahara mayi matupu mara nyingi. Huyu apewe mayi ya chumvi na sukari hata njiani: litre moja ya mayi safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Kwa nini haraka?

Tifoidi inatufundisha. Tangu 27 Septemba 2004 hadi mwanzo wa Januari 2005, Shirika la Afya Ulimwenguni lilihesabu wagonjwa 42,564 wa tifoidi katika inchi yetu. 214 walikufa. Kwa 696, ugonjwa ulifika mpaka kutoboa matumbo ama kuchafua tumbo ndani. Tifoidi inaanza na homa ya siku nyingi. Mara nyingi tundu linakuja juma la pili ama la tatu. Tundu likitoboka, uchafu unamwagika ndani, na vidonge peke yake havitoshi: mugonjwa anahitaji kupasuliwa. Kila saa inayopita inapunguza nafasi yake ya kupona.

Kwa hiyo, tumbo kali lisipewe dawa ya kuharisha, wala dawa ya kuingiza kwa nyuma. Inaweza kuongeza hatari. Na kama tumbo limekuwa gumu, usimulishe kitu.

Muzungumze katika koperative

1. Usiku, nani ana pikipiki ya kufikisha mugonjwa kituoni, ama Kolwezi?
2. Tuweke franka ngapi kwa kila mavuno kwa ajili ya safari hiyo?
3. Nani atapalilia shamba la mugonjwa? Wengi wanangoja nyumbani kwa sababu ya majani, si kwa sababu hawajui kwamba wanaumwa.