Deni Liwekwe Mezani: Vidokezo 10 kwa Familia za Kibabi

Huku Kibabi, Masisi, kama kule Ngungu, Rubaya au ukishuka Walikale, deni huingia nyumbani kwa milango mingi. Mbegu za Septemba, minervali (karo) ya mtoto wa sekondari, mgonjwa wa usiku wa manane, matanga ya ukoo. Vita nayo imeongeza yake: familia ilikimbilia kambi za Goma, ikarudi ikakuta shamba limekuwa pori na mbuzi hawapo, ikaanza upya kwa kukopa. Kwa hiyo kudaiwa hakumfanyi mtu kuwa mvivu wala mjinga. Kinachoangamiza nyumba ni deni la kufichana: baba ana lake mgodini, mama ana lake sokoni, na kila mmoja anamwomba Mungu mwenzake asijue. Deni linalojulikana na nyumba nzima hulipika. Haya hapa mambo kumi ya kuanza nayo wiki hii.

1. Nunueni daftari, mseme yote

Daftari la shule na kalamu moja vinatosha. Chagueni jioni isiyo na mgeni, watoto wadogo wakiwa wamelala, kila mmoja ataje madeni yake bila kukatizwa. Pigeni safu nne: nani anatudai, kiasi gani, riba gani, tuliahidi kulipa lini. Ukurasa unaweza kusomeka hivi: duka la jirani, franka 60,000, bila riba, mwisho wa mwezi. Mkopeshaji wa sokoni, dola 50, riba dola 10 kila mwezi. Shule, dola 30, kabla ya mitihani. Shemeji, debe la maharagwe, wakati wa mavuno. Naam, debe la maharagwe ni deni pia, liandikwe.

Jioni hiyo ina sharti moja: hakuna kulaumiana. Anayetukanwa leo kwa kusema ukweli, kesho atauficha.

2. Hesabuni kwa msimu

Bajeti ya mwezi inamfaa mwenye mshahara. Mkulima wa Masisi anaishi kwa misimu miwili: anapanda Septemba na kuvuna kuelekea Januari, anapanda tena Februari au Machi na kuvuna Juni na Julai. Chora miezi kumi na miwili kwenye ukurasa mmoja. Mwezi ambao pesa inaingia, wekeni alama ya kujumlisha. Mwezi ambao inatoka tu, alama ya kutoa. Mtaona wenyewe: Septemba ndiyo inayowabana, maana mbegu na shule zinadai siku zile zile. Nyumba inayojua hivyo tangu Juni haitashtuka Septemba. Ile isiyojua itakopa kila mwaka, tarehe zile zile, kwa mtu yule yule.

3. Pesa ipewe kazi kabla haijafika nyumbani

Ushauri huu ni wa lazima kwa nyumba zinazoishi kwa migodi. Mchimbaji anaweza kumaliza wiki tatu bila kitu, kisha siku moja mawe yanatoka na anashika pesa nyingi kwa mpigo. Pesa ya namna hiyo isipokuwa na kazi, itaishia kwenye pombe na marafiki kabla jua halijatua. Kubalianeni mapema, kwa maandishi: pesa yoyote ikiingia, nusu ni chakula na mahitaji ya nyumbani, robo ni deni, robo ni akiba na mbegu. Migawo mnaweza kuibadilisha kulingana na hali yenu. Kubwa ni kwamba baba akiwa bado kilimani, mama nyumbani anajua tayari kila franka inaelekea wapi, na baba naye anajua mama anafanya nini na faida ya sokoni.

Na tujihadhari na mnunuzi anayetoa pesa kabla ya mawe kutoka. Anakupa chakula na vifaa leo, lakini kesho unalazimika kumuuzia yeye tu, kwa bei anayoitaka. Hilo nalo liingie daftarini kama deni, kwa sababu ndivyo lilivyo.

4. Anzeni na deni linalokula haraka

Tuchukue zile dola 50 za mkopeshaji wa sokoni, mmoja wa wale tunaowaita Banque Lambert, kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Wengi hulipa riba tu, dola 10 kila mwezi, wakidhani wanapunguza. Baada ya miezi sita wameshatoa dola 60, na zile 50 zipo pale pale, hazijaguswa.

Sasa jikazeni mlipe dola 20 kila mwezi, riba ihesabiwe kwa kilichobaki tu. Mwezi wa kwanza mnabakiza 40, wa pili 28, wa tatu chini ya 14, wa nne mnamaliza. Jumla mmetoa dola zisizofika 77 na deni limekwisha. Kwa hiyo madeni yasiyo na riba yalipwe kidogo kidogo, nguvu yote ielekezwe kwa lile la riba kubwa. Kabla ya kuanza, hakikisheni mkopeshaji amekubali kwamba kila kinachozidi riba kinakata mtaji. Wapo wanaokataa, na ni vizuri kujua mapema kuliko mwezi wa nne.

5. Mwendee anayekudai kabla hajakujia

Kujificha kunaongeza hasira, na hasira huongeza deni. Nendeni wawili, mume na mke, na kiasi kidogo mkononi. Semeni wazi: tumekaa, tumehesabu, tunaweza kulipa kiasi hiki kila siku ya soko. Wenye maduka wengi hukubali, kwa sababu kupata kidogo kila wiki kunawafaa kuliko kufukuzana na mtu mwaka mzima. Makubaliano yaandikwe nakala mbili, pande zote zitie sahihi au dole gumba, na awepo shahidi, kama vile shefu wa kijiji au mzee wa kanisa. Kila mkilipa, iandikwe na tarehe. Siku ya mwisho ombeni karatasi yenye neno "imelipwa". Karatasi hiyo ihifadhiwe pamoja na vitambulisho.

6. Msiuze mavuno yangali shambani

Hapa ndipo familia nyingi zinapopoteza jasho lao. Njaa inabana mwezi Mei, mtu anakuja na pesa, anayanunua maharagwe yakiwa bado na maua, kwa bei ya kusikitisha. Wakati wa kuvuna, aliyelima anatazama magunia ya mwenzake yakipakiwa. Kama lazima muuze, uzeni kipande kimoja cha shamba, na kwa idhini ya wote wawili.

Mkishavuna, tengeni mbegu kabla ya yote. Kausheni maharagwe juani mpaka ukiuma punje inapasuka badala ya kubonyea. Jazeni bidoni ya lita 20 iliyo safi na kavu, mpaka juu kabisa, mfunge mfuniko barabara. Wadudu waliomo ndani watakosa hewa na kufa. Bidoni moja inachukua kama kilo 15, na kilo 15 za mbegu mlizohifadhi ni mkopo mmoja wa Septemba ambao hamtauomba.

7. Ingieni AVEC, mfuate sheria zake

Likelemba ni nzuri: kila mmoja anachanga, mmoja anapokea, zamu inazunguka. Shida yake ni kwamba ugonjwa haungoji zamu yako. AVEC, ile jumuiya ya kijiji ya kuweka na kukopa, inakuruhusu kukopa unapohitaji. Mtindo huu ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, na leo umeenea katika nchi nyingi za Afrika; Watanzania wana VICOBA yao inayofanana nao.

Angalieni mkutano wake unavyokwenda. Wanachama kati ya 15 na 25 wanakaa duara. Katikati kuna kisanduku cha chuma chenye kufuli tatu. Funguo zake ziko kwa watu watatu tofauti, na anayelala na kisanduku hana hata mmoja. Kila mwanachama anaitwa kwa namba yake, ananunua hisa moja hadi tano, na muhuri unagongwa kwenye kijitabu chake. Pesa inahesabiwa kwa sauti mbele ya wote. Kuna mfuko wa pembeni wa kusaidiana kwenye ugonjwa na matanga. Mkopo kwa kawaida hauzidi mara tatu ya akiba yako, na riba unayolipa inarudi kwenu wanachama mnapogawana mwisho wa mzunguko.

Mambo mawili ya kuzingatia hapa kwetu. Kwanza, ombeni mgawanyo uangukie mwishoni mwa Agosti, ili pesa ifike kabla ya mbegu na shule. Pili, pesa isilale kisandukuni: ikishachangwa ikopeshwe kwa wanachama siku hiyo hiyo, ili hata mwizi akija akute kidogo.

8. Akiba iwe ya kubebeka

Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, mabenki yalifunga milango, na watu wenye pesa ndani walibaki wakihangaika kutafuta noti. Funzo lake ni kugawa akiba sehemu mbalimbali. Kiasi kiwe kwenye simu, kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, na namba ya siri ijulikane na wote wawili, maana simu ya marehemu isiyofunguka imewaacha wajane wengi bila kitu. Kiasi kiwe kwenye AVEC. Kiasi kidogo kiwe noti za dharura; za dola zikaguliwe vizuri, kwa kuwa noti iliyochanika hata kidogo ukingoni hukataliwa sokoni.

Na mifugo midogo msiidharau. Ng'ombe anaonekana kutoka mlima wa pili, na ndiye anayeporwa kwanza. Sungura anazaa baada ya mwezi mmoja tu wa mimba, simbilisi baada ya miezi kama miwili, wote wanakula majani ya jikoni, na siku ya kukimbia wanaingia kwenye kikapu. Jozi chache zinazotunzwa vizuri zinaweza kulipa daftari na kalamu za mwaka mzima.

9. Kopeni kwa pesa mnayopokea

Mwaka 2015 dola moja ilikuwa kama franka 920. Kufikia 2024 ilikuwa imepita 2,700. Mama anayeuza viazi kwa franka na kudaiwa kwa dola aliona deni lake likikua bila kuongeza hata senti. Ukiuza kwa franka, omba kukopeshwa kwa franka. Mkopeshaji akikataa, lipa mapema, au badilisha franka zako kidogo kidogo kila siku ya soko badala ya kungoja siku ya mwisho.

10. Jueni cha kutolipia, na cha kupunguza

Tangu mwaka wa shule ulioanza Septemba 2019, shule za msingi za serikali zilitangazwa kuwa bure. Mkiombwa pesa huko, ulizeni kwa heshima ni ya nini, nani ameiamua, na mpewe risiti. Kwa sekondari, ombeni kulipa kwa awamu, mapema, kabla mtoto hajafukuzwa darasani. Kwa ugonjwa, ulizeni kwanza kabla ya kukopa: zipo hospitali na vituo vinavyosaidiwa na mashirika ambako matibabu hayalipiwi, Madaktari Wasio na Mipaka (MSF), kwa mfano, walianza kuisaidia hospitali kuu ya Masisi mwaka 2007.

Matanga na mahari ni jambo la heshima, na heshima ina kipimo chake. Marehemu anazikwa kwa upendo hata bila ng'ombe wa kuchinja, na ndugu wanaokulazimisha kukopa kwa ajili ya chakula cha siku tatu hawatakuwepo siku ya kulipa. Wekeni kiasi cha michango ya kila msimu kwenye daftari. Kikiisha, toeni mikono yenu: kuni, maji, usiku wa kukesha na wafiwa. Wazee wa ukoo wakielezwa mapema wanaelewa. Wakifichwa ndipo wanapoona dharau.

Mwisho, shirikisheni watoto wakubwa. Mtoto wa miaka 12 anaweza kusoma jumla kwa sauti kila Jumapili, na anapouona ule mstari wa duka umepigwa mkwaju, haombi viatu vipya mwezi huo. Anajifunza pia kitu ambacho wengi wetu hatukufundishwa, kwamba pesa ya nyumba huzungumzwa.

Na siku mstari wa mwisho ukifutwa, endeleeni kutoa kiasi kile kile mlichozoea kumpa mkopeshaji, mara hii mkinunulia hisa zenu wenyewe. Mkono umeshazoea kukitoa. Baada ya misimu miwili, mbegu za Septemba mtazinunua kwa pesa yenu, na jirani akija kuuliza mlifanyaje, mpeni daftari alione.