Matumaini ya Msimu Mpya



Ligi ikikaribia kuanza, hata sisi seminarini hatulali mapema. Mwana Simba anahesabu usajili, anasema ubingwa huu hapa. Mwananchi anacheka tu. Na yupo mwingine ameshakata tamaa kabla ya mechi ya kwanza.

Nilipokuwa nasoma falsafa nilikutana na Mtakatifu Thomas wa Akwino. Anafundisha kwamba tunachokitumaini lazima kiwe chema, kiwe hakijafika, kiwe kigumu, na kiwe kinawezekana. Angalia ligi yetu: Simba walibeba kombe mara nne mfululizo, 2018 hadi 2021, kisha Yanga nao mara nne, 2022 hadi 2025. Anayesema "tumeshabeba" amesahau ugumu. Anayesema "hatuwezi tena" amesahau kwamba inawezekana.

Kwenye mpira ni utani tu. Kwenye roho, Thomas anaziita zote mbili dhambi dhidi ya matumaini. Kuna kijana anayeahirisha kitubio kila mwezi: "Mungu ni mwema, atanisamehe tu." Na kuna asiyekwenda kwa sababu anaona dhambi yake imezidi huruma ya Mungu.

Tofauti ni hii: timu haijakuahidi kitu, Mungu ameahidi. Ndiyo maana tunatumaini, na ndiyo maana tunainuka kwenda.

Kwa wiki hii: soma Warumi 5:1-5, jiulize uko upande gani, kisha Jumamosi nenda kitubio.