Skrini Inayopinda: Yakupasayo Kujua Kabla ya Kununua Saa Janja

Saa janja nyingi zina skrini iliyotengenezwa juu ya plastiki nyembamba badala ya kioo. Skrini hiyo hutoa mwanga yenyewe: umeme upitapo katika matabaka yake ya kemikali za kikaboni, matabaka hayo hung'aa. Kwa kuwa haihitaji taa nyuma yake, huweza kuwa nyembamba na kupinda bila kuvunjika.

Hata hivyo, matabaka hayo huharibiwa na unyevu na oksijeni. Kioo huvizuia, plastiki huvipitisha. Kwa hiyo mtengenezaji huyafunika kwa utando ambamo tabaka gumu, kama la oksidi ya alumini, hupishana na tabaka laini la plastiki. Gumu huzuia unyevu. Laini hupunguza hatari ya utando kupasuka. Ufa mdogo usioonekana kwa macho hutosha kupitisha unyevu, nao hudhihirika kama doa jeusi linalokua siku hadi siku.

Utando wa juu nao si pambo. Mwezi Aprili 2019, kampuni ya Samsung iliahirisha kuuza simu yake ya kukunja, Galaxy Fold, baada ya skrini za baadhi ya simu zilizotolewa kwa majaribio kuharibika. Baadhi ya waliozijaribu walikuwa wamebandua utando wa juu wakidhani ni karatasi ya kufungashia.

Mtumiaji azingatie yafuatayo:

1. Asibandue utando wowote kabla ya kusoma maelekezo ya mtengenezaji.

2. Aielewe alama ya IP68. Tarakimu 6 yahusu vumbi, na 8 yahusu kuzamishwa majini. Jaribio hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi. Halithibitishi kwamba kifaa kitastahimili bahari, sabuni au mvuke wa moto. Tena, kinga hiyo hupungua kadiri kifaa kinavyochakaa au kuanguka.

3. Afute jasho na chumvi kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, wala asiibonyeze skrini kwa kitu chenye ncha.

4. Kabla ya kulipa, aulize kama dhamana inagharimia uharibifu wa maji na wa skrini, kisha atunze risiti.

Doa jeusi likionekana, kifaa kirudishwe kwa muuzaji mapema, dhamana ingali hai. Doa hilo halitafutika lenyewe, na kila siku ya kungoja humpunguzia mtumiaji muda wa kudai haki yake.